Mgeni Aingilie Mlango Gani?

   

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya mgeni. Simzungumzii mgeni wa harusi, anayekula pilau, akalala siku mbili, akaaga. Huyo tunamjua na kumpokea tunajua. Namzungumzia mgeni anayekuja kukaa. Ni yule muuguzi kijana aliyepangiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kule Mitengo hapa Mtwara, na ambaye kabla ya barua ya kazi hajawahi kuvuka Daraja la Mkapa kuja huku. Ni mke wa fundi wa kiwanda cha saruji, aliyemfuata mumewe kutoka Tabora na hana hata jirani mmoja wa kumwomba kibiriti. Ni mwanafunzi wa chuo cha STEMMUCO anayetafuta chumba. Ni mama aliyetoka Tandahimba na mtoto mgonjwa, akafika Hospitali ya Ligula usiku akiwa na kanga mbili na nauli ya kwenda tu. Ni mvuvi aliyeletwa na pepo za kaskazi. Na ni mtu aliyevuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kwa mtumbwi akikimbia bunduki.

Swali langu ni hili. Watu hawa wakishuka stendi ya Mkanaledi, au pale Feri, nani anawapokea? Wakitaka kujua mambo ya mji wagonge mlango gani? Wakae wapi bila kuulizwa wanataka kununua nini?

Najua jibu la haraka. Mtasema sisi watu wa kusini ni wakarimu, mgeni hafi njaa kwetu. Ni kweli kabisa. Fika nyumba yoyote ya Magomeni au Chikongola wakati wa chakula, utanawishwa mikono kabla hujaulizwa jina. Lakini huo ni ukarimu wa nyumbani. Unamtegemea mtu aliyekuona akakuonea huruma. Mji unahitaji na ukarimu wa pili, ukarimu wa hadhara: wa ofisi, wa vikundi, wa viwanja, wa misikiti na makanisa. Huo haumtegemei mwenye moyo mzuri aliyepita njia kwa bahati. Mgeni anaukuta leo, na atakayekuja mwakani ataukuta vilevile. Ukarimu wa kwanza tunao tele. Wa pili tunao nusu nusu, na nitawaonyesha kwamba pwani hii ilikwishauvumbua zamani. Kazi yetu ni kuuhamishia mjini.

Kwanza tukumbushane sisi ni nani. Mikindani ni mji mkongwe. Majahazi yalitia nanga katika ghuba ile karne na karne, na mwaka 1866 David Livingstone aliondokea hapo kuanza safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Lakini Mtwara yenyewe, na barabara zake pana zilizonyooka, ni mji wa juzi, na ulijengwa kwa ajili ya watu wa kuja. Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali ya Waingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Karanga zilihitaji bandari yenye kina, na Mtwara ilikuwa na kina. Wakaja wapimaji, makuli, mafundi wa reli, makarani na wafanyabiashara. Mpango ule ulivunjwa mwaka 1951, kabla hata bandari haijakamilika. Bandari ikafunguliwa mwaka 1954 na karanga hazikuja. Reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini watu hawakung'oka. Walioana, wakajenga, wakazika wazee wao hapa. Leo tuna kata iitwayo Reli ambako treni haipiti, na wajukuu wa wale wafanyakazi ndio wenyeji wa mji.

Miaka ya 1960 ikaleta wageni wengine. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza mwaka 1964, na watu wa jimbo la Cabo Delgado wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Wengi walikuwa Wamakonde, na ng'ambo zote mbili za mto lugha ilikuwa moja. Serikali ilifungua makazi ya wakimbizi Rutamba, mkoani Lindi, na sehemu nyingine za kusini. Nachingwea ikapokea kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo. Na hapa Mtwara mjini FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Daktari Américo Boavida, mganga wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Wazee wetu wanakumbuka majeruhi wakishushwa. Nchi ilikuwa changa, mkoa ulikuwa maskini, na mji mdogo huu ulitenga vitanda kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Hiyo ni heshima ambayo hatuisemi vya kutosha.

Halafu ikaja gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikakaa chini miaka mingi, na ilipoanza kutajwa kila siku katika magazeti, nyumba za kulala wageni zikaota kila kona na kodi za vyumba zikapanda. Mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likaanza kazi, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,000 na zaidi katika manispaa yetu. Ile ya 2022 ilikaribia laki moja na nusu. Ongezeko lile halikuzaliwa lote Ligula, ndugu zangu. Wengi walikuja na mabegi.

Kwa hiyo katika mji huu, anayemwambia mwenzake "wewe ni wa kuja" na yeye akihesabu babu zake wawili watatu, mara nyingi atakuta wa kuja.

Sasa nirudi kwenye ule utaratibu niliosema pwani iliuvumbua. Nazungumzia dago.

Wasikilizaji wa Msimbati na Msangamkuu hawahitaji kufundishwa, lakini wa mjini na wa bara wanisikilize. Pepo zinapogeuka, kusi ikipisha kaskazi au kaskazi ikipisha kusi, samaki huhama na wavuvi huwafuata. Wavuvi huacha kwao wakaenda kupiga kambi ufuko wa watu wengine kwa wiki kadhaa au miezi. Kambi hiyo ndiyo dago. Wavuvi wa Kojani, kule Pemba, wanajulikana kwa dago kuanzia pwani ya Kenya hadi Mafia na Kilwa. Wavuvi wetu nao wamekuwa wakienda kwa watu, hata kusini mwa Ruvuma, katika visiwa vya Cabo Delgado. Kila kijiji cha pwani kimewahi kuwa mwenyeji, na kila kijiji kimewahi kuwa mgeni.

Angalia dago linavyopokelewa pale linapopokelewa vizuri. Chombo kikifika, nahodha hatangulii kutandika nyavu. Anakwenda kwenye serikali ya kijiji na barua ya utambulisho kutoka kwao, pamoja na leseni ya chombo. Mtendaji na watu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinacholinda ufuko, wanaandika majina. Wanamwonyesha mahali pa kujenga vibanda, mahali pa kuteka maji, na mahali pasipoguswa: makaburi, mikoko, mahali pa tambiko. Wanamwambia masharti. Hapa kokoro hairuhusiwi. Baruti ni jela. Hifadhi ya bahari mipaka yake ni hii. Ushuru ni kiasi hiki. Kisha kijiji kinaingia naye kazini. Akina mama wanawapikia na kuwauzia kuni, wachuuzi wanachukua samaki, vijana wa kijiji wanapanda chombo kama mabaharia. Ijumaa wageni wako msikitini. Kukitokea msiba wako makaburini wakishika majembe na wenyeji. Baada ya misimu miwili mitatu, utasikia mmoja ameoa.

Tuuchambue utaratibu huo, kwa sababu una mambo manne. La kwanza, mgeni anajulikana: ameandikwa, ana barua, ana jina. La pili, ana mwenyeji: yuko mtu mmoja wa kumwendea. La tatu, anaambiwa masharti mapema, kabla hajakosea. La nne, anapewa nafasi ya kufanya kazi na kuchangia, na ndipo anapata sauti. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wengi tunalitumia neno hilo kumfukuzia mtu. Mimi nasema mwenye kupewa jembe ameheshimiwa. Mtu usiyetaka abaki humpi jembe.

Sisemi dago halina ugomvi. Lina ugomvi mwingi. Wageni wenye nyavu kubwa wamefagia samaki wakawaacha wenyeji na makapi, na vijiji vingine vimewafukuza. Lakini ukichunguza ugomvi huo, mara nyingi utakuta moja kati ya yale manne limeachwa. Barua haikutolewa, au masharti hayakusemwa, au ushuru uliishia mfukoni mwa mtu mmoja, kijiji kisione faida ya mgeni.

Sasa tuchukue mambo hayo manne tuyapitishe mjini.

Tuanze na ofisi ya serikali ya mtaa. Huo ndio mlango wa kwanza wa mji. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, ya kumwandikisha mtoto shule, ya kuombea kitambulisho cha taifa, yote inaanzia hapo. Lakini mgeni anaifahamuje ofisi hiyo? Mitaa mingine ofisi iko ndani ya nyumba ya mtu, haina kibao, na mwenyekiti anapatikana akitoka shambani. Mwenyeji haoni tabu, maana anajua nyumba na anajua saa. Mgeni anazunguka siku nzima na bodaboda akitafuta muhuri. Dawa yake haihitaji mfadhili. Ubao mmoja wenye jina la mtaa, jina la mwenyekiti na la mtendaji, namba ya simu, siku na saa za kazi, na chini yake majina ya wajumbe na eneo la kila mmoja. Mjumbe akisikia mpangaji mpya ameingia katika eneo lake, aende kumsalimu. Aende na masharti: taka zinachukuliwa siku gani, ulinzi shirikishi unachangiwa vipi, mkutano wa mtaa ni lini.

Na mkutano nausisitiza. Sheria yetu ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkazi. Haikusema mzaliwa, wala haikutaja kabila au dini. Na mtaani mjini kuwe hivyohivyo. Lakini mara ngapi tumeona mpangaji akipita mbele ya mkutano wa mtaa wake kama mtu anayepita kwenye shughuli isiyomhusu? Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni shughuli yake.

Tunajua gharama ya watu kukosa mahali pa kusemea. Januari na Mei mwaka 2013 mji huu uliwaka kwa sababu ya bomba la gesi. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, na familia nyingine zikakimbilia porini. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya bomba, na leo sikuja kuyafungua. Lakini tulijifunza jambo moja kwa machozi: watu wanapoamini kwamba hakuna mlango wa kuingilia kwenye mazungumzo, watatafuta ukuta wa kubomoa. Mji wenye mikutano hai, inayoitishwa kwa wakati, inayosoma mapato na matumizi, inayompa kipaza sauti mwenyeji na mgeni, unajikinga.

Twende kwenye vikundi, maana hapa pana utajiri. Kusini hii ina vikundi vya kuweka na kukopa karibu kila kijiji. Akina mama wa VICOBA mnanisikia. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 programu ya Aga Khan Foundation ya vijiji vya pwani ilieneza vikundi vya hisa Lindi na Mtwara, hadi vijiji ambavyo benki haijawahi kufika. Utaratibu wake mnaujua: mnakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, zinafungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Pembeni upo mfuko wa jamii wa maradhi na misiba. Mzunguko ukimalizika mnagawana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinasajiliwa na vinatambuliwa.

Ni kazi nzuri mno. Na ndiyo maana inaniuma kuona kwamba kwa mgeni, kikundi ndicho mlango mgumu kuliko yote. Kikundi kinasimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana kunataka kujuana. Mama aliyehamia mwezi uliopita atajuana na nani? Anaambiwa mzunguko umeanza, asubiri mwakani. Mwakani anaambiwa atafute mdhamini. Mdhamini hana. Na kwa kuwa hana kikundi, hata ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haimfikii, kwa sababu wanawake na vijana hukopeshwa kupitia vikundi. Ameishi mjini miaka mitatu na bado yuko nje ya uzio.

Hapa ndipo dago linatufundisha. Dago halimwamini mgeni siku ya kwanza. Linampa njia ya kuaminiwa. Kila kikundi kinaweza kufanya hivyo. Mpeni mgeni nafasi ya kuketi na kusikiliza. Kisha mruhusuni anunue hisa bila kukopa mzunguko wa kwanza, huku akichangia mfuko wa jamii kama wengine. Barua ya mjumbe wa alikotoka iwe utambulisho wake. Na mwanachama mmoja awe mwenyeji wake wa kumwelekeza, bila kubebeshwa deni lake. Mzunguko wa pili mtakuwa mmemjua kwa vitendo. Hakuna fedha iliyohatarishwa, na kikundi kimepata mtu mwenye ujuzi wa kwingine. Nimeona mshonaji aliyetoka bara akifundisha kikundi kizima kukata sare za shule. Ujuzi ule haukuwepo mtaani, na ulikuja kwa basi.

Nije hospitali. Ligula inapokea wagonjwa kutoka Newala, Tandahimba, Nanyamba na vijiji vya kando ya Ruvuma. Kila mgonjwa ana wauguzaji wake, na hao ndio wageni wanaosahaulika kuliko wote. Wana mgonjwa ndani, hawana mahali pa kulala nje, hawana jiko, na hawajui duka la dawa lipi linafunguliwa usiku. Wenye dini zetu, hapa pana ibada inayosubiri. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki zinajua kupanga zamu za kuzuru wagonjwa. Vikundi vya akina mama wa Kiislamu vinajua kupika kwa ajili ya watu mia. Wakutane. Wapange siku, hii yetu na hii yenu, kwa uji wa asubuhi na mtu mmoja wa kuuliza, "Mama, umetoka wapi, umelala wapi?" Msikiti na kanisa vinapoingia katika jambo moja, mgeni hahitaji kuulizwa dini yake kabla ya kupewa kikombe.

Sasa mahali pa kukutania. Mji hauishi kwa ofisi tu. Unaishi kwa mahali ambapo watu wanakaa pamoja bila kuitana. Tuna Feri jioni, samaki wakishushwa na pweza wakichemka. Tuna kivuko cha Msemo, ambako MV Mafanikio inaleta na kurudisha watu wa Msangamkuu, na mazungumzo ya ng'ambo mbili yanakutana katikati ya maji. Tuna mabaraza ya Mikindani, yaliyojengwa nje ya mlango ili mgeni akae kabla ya kuingia. Tuna soko la Chuno na viwanja vya Mashujaa. Tuna uwanja uliopewa jina la Nangwanda Sijaona, waziri katika serikali za mwanzo za Mwalimu Nyerere na mtoto wa kusini hii; timu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, uwanja ule ulijaza watu waliozaliwa kila mkoa, na wote walikuwa wana kuchele, kama timu hiyo inavyoitwa kwa utani.

Na tuna ngoma. Tamasha la MaKuYa, ambalo taasisi ya ADEA ya hapa Mtwara imekuwa ikiliandaa, linawaleta Wamakonde, Wamakua na Wayao katika uwanja mmoja. Waliojificha nyuma ya barakoa za mapiko, wapiga ngoma wa sindimba na wazee wenye kujua nyimbo za zamani wanacheza mbele ya watoto wa mjini ambao hawajawahi kufika kijijini kwao. Mgeni akisimama pale kwa saa moja atawajua watu wa Mtwara kuliko akisoma taarifa za mwaka mzima. Ngoma haimuulizi mtu cheti.

Lakini tuseme ukweli juu ya mahali hapa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anakaa wapi penye kivuli na choo safi? Kijana anayetumia kiti cha magurudumu anapandaje kivuko, anaingiaje ofisi yenye ngazi tatu? Mtu asiyesikia anapata wapi mkalimani wa lugha ya alama mkutano wa hadhara ukiitishwa? Ukarimu wa hadhara unapimwa kwa mambo haya madogo: taa ya barabarani, benchi, bomba la maji, mteremko wa zege mlangoni. Miaka ya karibuni manispaa ilijengewa barabara, stendi na viwanja kwa mradi wa miji mkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kujenga kumefanyika. Kutunza ni juu yetu, na kutunza kunataka watu wanaopaona ni pao.

Mtaniuliza, je, watu wa kawaida wanaweza kuunda chombo kinachopokea na kulinda, bila kungoja serikali? Wanaweza, na pwani hii ilikwishafanya. Miaka ya 1990 baruti ilikuwa ikilipuka baharini karibu kila siku. Matumbawe yalivunjika na samaki wakapungua. Vijiji vya pwani vya Mtwara, Lindi na Kilwa vikaungana katika chombo walichokiita Shirikisho, wakisaidiwa na mpango wa RIPS uliofadhiliwa na Finland. Wavuvi wenyewe walikaa, wakasema hadharani nani anapiga baruti, wakaibana serikali isaidie doria. Kazi ile ilisaidia kutengeneza njia, na mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ikatangazwa. Hifadhi imekuwa na lawama zake vijijini, na lawama hizo zinastahili kusikilizwa. Ila mwanzo ule ulionyesha kwamba watu wa vijiji tofauti, waliokuwa wakigombania maji yaleyale, wanaweza kukaa mkeka mmoja.

Nimeacha jambo gumu la mwisho, na sitalikwepa. Mtu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Mwezi Oktoba 2017 mashambulizi ya watu wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia, kule Cabo Delgado. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, kijiji chetu, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 Palma ikashambuliwa na watu wakakimbia kila upande, wengine kuja huku. Mwaka huohuo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake hadharani kwamba maelfu ya watu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Mtu wa Kitaya akiogopa, simlaumu. Aliyezika ana haki ya kuogopa, na dola ina wajibu wa kulinda mpaka. Lakini hofu isitufanye tusahau aliyekuja kupokelewa. Wazee wetu wa miaka ya 1960 nao waliishi karibu na vita. Ndege za Wareno zilikuwa ng'ambo tu. Hawakufunga mlango, waliweka utaratibu. Mtu aliandikwa, alipelekwa mahali palipojulikana, alipewa shamba. Mama aliyevuka na watoto watatu akiandikwa jina, akahojiwa kwa haki, akapewa mahali salama na mtu wa kumwendea, serikali inamjua na jirani anamjua. Akifukuzwa au akijificha, hakuna anayemjua. Kwa hiyo hata anayefikiria usalama peke yake, utaratibu wa dago unamfaa kuliko mlango uliofungwa: andika, mpe mwenyeji, sema masharti, mpe kazi. Na sisi tunaoitana shangazi na mjomba ng'ambo zote mbili za mto tuna deni la damu katika jambo hili.

Basi niwaombe mambo ya kufanya, ili maneno haya yasiishie hewani. Wenyeviti wa mitaa, wekeni ubao. Wajumbe, piteni kwa wapangaji wapya mwezi huu. Vikundi vya hisa, mzunguko unaoanza tengeni nafasi mbili za watu waliohamia, kwa masharti mtakayopanga wenyewe. Mashehe, mapadri na wachungaji, teueni watu wa kusimama mlangoni siku ya ibada, kazi yao iwe kumtambua mtu mgeni na kumpeleka kwa jirani anayeishi karibu naye. Walimu wakuu, mtoto aliyehamia apewe mwenzake wa kumwonyesha shule, na mzazi wake aalikwe kwenye kikao cha kwanza. Mashirika yasiyo ya serikali, mnazo orodha za huduma katika kabati zenu: msaada wa kisheria, ushauri wa wanawake waliopigwa, mafunzo ya vijana. Zitoeni kabatini, zibandikeni Mkanaledi, Feri na Msemo, kwa Kiswahili cha kila mtu.

Na wewe mgeni unayenisikiliza katika chumba cha kupanga, usiketi ukingoja kuitwa. Nenda na barua yako kwa mjumbe. Uliza mkutano ni lini. Ingia kwenye mazishi ya jirani hata kama humjui marehemu, shika jembe na wenzako. Pwani hii haijawahi kumsahau mtu aliyekuja kuzika naye.

Mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, mwenyeji, pita kwanza kwa jirani aliyehamia. Mwambie kuna mkutano, na kwamba anayo haki ya kusema. Nendeni pamoja, mketi benchi moja, na akinyoosha mkono, mwenyekiti ampe nafasi.